Tusome Mizani Wenyewe

Ndugu zangu wa Buhongwa hapa Mwanza, na ninyi wa Mkolani, Nyegezi na Igoma mnaopita kwetu kila siku kwenye daladala, nina ombi kwenu, na kabla ya kulitoa naomba mnivumilie nianze na pamba.

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto wanne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Misungwi, chini ya mwembe, na mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, ambaye kila jioni alimwamkia shikamoo kwanza ndipo amsahihishe. Mwanza wakati huo ilikuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanzishwa mwaka 1968 na serikali pamoja na UNESCO katika mikoa ya kandokando ya Ziwa. Nia yake ilikuwa mtu mzima asome kile anachokiishi. Wavuvi walipewa vitabu vya uvuvi, wenye migomba wakapewa vya migomba, na wakulima wa Usukuma wakafundishwa herufi kwa pamba. Mama alijua kuandika neno "pamba" kabla hajajua kuandika jina lake.

Siku aliyoweza kusoma mwenyewe stakabadhi ya mauzo, alirudi nyumbani kimya. Baba akamuuliza, "Wamekupunja?"

"Hapana," akajibu. "Iko sawasawa. Nimeisoma."

Nilikuwa mtoto, na sikuelewa kwa nini mtu ambaye hajapunjwa akae mlangoni na kikaratasi mkononi mpaka giza linaingia. Nilikuja kuelewa baada ya miaka mingi, nilipoanza kusoma historia ya hapa tunapoishi.

Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alibeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi anapima, anataja ratili, analipa. Mkulima alihisi anaibiwa, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, macho ya kuisoma yalikuwa ya mnunuzi, na kitabu cha kuandikia kilikuwa cha mnunuzi. Watu walinung'unika njiani, kwenye pombe na misibani, na manung'uniko hayo hayakuongeza hata ratili moja. Mambo yalianza kubadilika karibu na mwaka 1950, wakulima walipoamua kuweka watu wao wenyewe, wanaojua tarakimu, wasimame kando ya mizani na kuhakiki kila mzigo. Kutokana na mwamko huo, na kwa kazi kubwa ya Paul Bomani, aliyekuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, vikakua vyama vya msingi vya wakulima. Mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, lile wazee wanaloliita VFCU, na baadaye tukaja kuwa na ushirika wa Nyanza. Wanachama walichagua kamati zao, wakazihoji juu ya hesabu, wakaziondoa zilipowachosha. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika 1958 na 1959, na hata huo haukuwa wa kila mtu. Ulitaka kipato, elimu au cheo. Wakulima wa Usukuma walikuwa wameshapigiana kura siku nyingi.

Kwa hiyo nikisikia kijiweni mtu akisema demokrasia ni kitu cha Wazungu kilicholetwa na meli, mimi nakumbuka mizani. Nikimsikia mwingine akisema demokrasia ni kupiga kura kila baada ya miaka mitano kisha kurudi shambani, nakumbuka mizani vilevile. Yule mpima hakusimama pale mara moja kwa miaka mitano. Alisimama pale kila mzigo ulipowekwa.

Liko jambo jingine la hapahapa ambalo vijana wetu wengi hawajaambiwa. Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, serikali ya kikoloni iliizuia TANU, chama kilichodai uhuru, kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa. Mtu wa Dar es Salaam angeweza kwenda mkutanoni Mnazi Mmoja akasikiliza, akakubali au akakataa. Mtu wa Mwanza alitakiwa akae bila kusikia. Tunapozungumza juu ya uhuru wa kusema, mawazo yetu humwendea msemaji: mwanasiasa, mwandishi wa habari, mwanaharakati. Tunamwona yeye ndiye mwenye haki, na sisi wengine watazamaji wa ugomvi wake na serikali. Lakini hebu tuhesabu. Waliozuiwa kusema katika jimbo hili walikuwa wachache. Waliozuiwa kusikia lilikuwa jimbo zima.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inalijua hilo. Haiishii kwenye haki ya kutoa mawazo. Inataja pia haki ya kutafuta habari, kuzipokea, na kupewa taarifa za mambo yanayogusa maisha ya mtu na jamii yake. Ni ibara fupi, fupi kuliko matangazo ya vifo ya jioni redioni. Mimi niliishi miaka mingi nikiitaja bila kuisoma, na siku nilipoisoma niligundua kuwa haki niliyokuwa nikiwadai wengine waitetee ilikuwa yangu, mimi msikilizaji wa kawaida.

Historia inauma inapofika hapa. Chama kilichonyimwa sauti Mwanza ndicho kilichoshika nchi, na mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Silisemi hili kumvunjia heshima Mwalimu Nyerere, ambaye picha yake iko sebuleni kwangu na itabaki pale. Ninalisema kwa sababu Mwalimu huyohuyo, mwaka 1963, akiwa Rais, alituchapishia tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu kiongozi mpendwa anayeuawa kwa kuhofiwa kuwa anataka ufalme. Nchi ina mwaka mmoja na ushei tangu iwe huru, na Rais mwenyewe anawapa raia wake Kaizari wamsome. Sijui kiongozi mwingine aliyewaamini wasomaji wake kiasi hicho, na bado ndiye aliyeitumia ile sheria ya kizuizini. Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili. Mwenye kusoma hujifunza kumtazama mtu hivyo, kwa heshima na kwa macho mawili wazi.

Nimeisoma *Juliasi Kaizari* mara nyingi, na kila mara nakwama palepale, kwenye zile hotuba mbili. Brutus anapanda jukwaani, anaueleza umati kwa nini amemuua Kaizari, na umati unamshangilia mpaka wengine wanataka yeye ndiye awe Kaizari. Kisha anampisha Antony, rafiki wa Kaizari, naye aseme. Nani atasema Roma haikuwa na uhuru wa kusema siku hiyo? Wote wawili walisema, na wote wawili walisikilizwa. Antony anainua karatasi, anasema ni wosia wa Kaizari, anaificha, anaitaja tena, anawaambia ni afadhali wasiujue. Umati unamlilia ausome. Anausoma. Kabla jua halijatua, nyumba zinachomwa moto.

Katika umati ule wote hakuna hata mmoja aliyesema, "Tuletee hiyo karatasi tuione."

Nikifika hapo huwa nafunga kitabu nikaangalia simu yangu. Nimeshatumiwa karatasi ngapi za namna hiyo? Barua yenye mhuri usiosomeka. Sauti ya mtu asiyejitaja. Picha ya ajali ya nchi nyingine inayodaiwa kuwa ya Usagara. Na nimeshazisambaza ngapi, kwa sababu tu aliyenitumia ni shemeji yangu na hasira niliyoipata ilikuwa tamu?

Tamthilia haiishii kwenye moto. Umati ule unakutana na mshairi mmoja barabarani. Jina lake linafanana na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Anawaambia siye, yeye ni mshairi, ni jina tu. Hawana muda wa kusikiliza, wanamrarua palepale. Msomaji wa mbali anaweza kuona ni kiini macho cha jukwaani. Sisi wa Mwanza na Shinyanga hatuwezi. Tumewazika bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Walipika miaka hamsini kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moshi ukawaharibu macho, na kijiji kikasoma wekundu ule kuwa uchawi. Mara nyingine neno lilianza kwa mtu mmoja aliyelitaka shamba, na wengi wakaitikia. Hakuna aliyehitaji kupiga kura kujua wengi walikuwa upande gani.

Tuna methali inayosema wengi wape. Ni methali nzuri, na mkutano usioiheshimu hauendi. Ila tunaitumia kana kwamba wengi wakishasema, kazi ya kufikiri imekwisha. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iende kuwauliza Watanzania kama wanataka chama kimoja kiendelee au vije vyama vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Takribani asilimia 77 walitaka chama kimoja. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama mmoja kati ya watano. Tume ikasoma yote, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Nimewahi kulitaja jambo hili kwenye kijiwe cha kahawa, wazee wakagawanyika palepale. Mmoja alisema huo ulikuwa usaliti wa demokrasia: wengi walisema, wachache wakapewa. Mwingine akasema hapana, kwa sababu aliyetaka chama kimoja alibaki na chama chake na akaendelea kukipigia kura, ilhali kama asilimia 77 wangepewa yote, yule mmoja kati ya watano asingebaki na kitu. Mimi niko na huyu wa pili. Lakini nilichofurahia zaidi ni kwamba kwa nusu saa nzima hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wa chama gani.

Sasa niseme juu ya ukimya usiokuwa na amri ya mtu. Ng'ambo ya maji yetu, Ukerewe, wamezaliwa waandishi wawili wakubwa. Euphrase Kezilahabi wa Namagondo alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, habari ya binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi na kilichompata alipotoka mikononi mwa baba huyo. Ilipigwa marufuku shuleni, ingawa baadaye ikarudi na ikafundishwa. Huo ni ukimya tunaoujua, wenye amri, na ukiuona unajua pa kwenda kulalamika. Mwingine ni Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, na hakuna aliyempiga marufuku. Kitabu hakikupata mchapishaji, kwa kuwa lugha ilikuwa ya watu wachache. Mzee akakaa na mswada wake zaidi ya miaka thelathini, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ulipotoka kitabu, yeye akafariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi.

Ni nani aliyemnyamazisha Kitereza? Katiba iliyo bora kuliko zote duniani isingemsaidia kama hapana mtu wa kununua, kuazima wala kusoma. Tembea siku moja kutoka stendi ya Buhongwa mpaka sokoni, uhesabu vibanda vya simu, saluni na maduka ya vinywaji. Kisha uhesabu mahali unapoweza kupata kitabu kisichokuwa cha shule. Tunaweza kuilaumu serikali kwa mambo mengi, na kwa mengine tuna haki. Hili la rafu tupu ni letu pia.

Haiwezekani niandike haya nikapita kimya Oktoba 29, 2025. Siku ile ya uchaguzi na zilizofuata, watu walipoteza maisha katika nchi yetu, na intaneti ikazimwa. Wapo wanaoomboleza hadi leo, na siwezi kuwaambia kwamba kitabu kingezuia risasi. Ninachokumbuka ni giza la habari. Kila mtu alikuwa na habari, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuihakiki. Niliona majirani wa miaka mingi wakitazamana kwa mashaka kwa sababu ya neno lililopita mlango hadi mlango. Tulikuwa tena kwa mnunuzi wa pamba, tukitajiwa ratili.

Ombi langu ni hili. Kila mtaa wa Buhongwa uwe na kundi la kusoma kwa sauti. Watu kumi wanatosha, hata sita. Wasiojua kusoma waje pia, watasomewa, na maoni yao yatahesabiwa sawa na ya mwenye shahada.

Hatuanzi kitu kigeni. Mwaka 1970, kabla ya uchaguzi, watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wenye vijitabu mkononi, katika mafunzo yaliyoitwa *Uchaguzi ni Wako*. Mwaka 1973 yakaja ya *Mtu ni Afya*, na watu wapatao milioni mbili wakashiriki nchi nzima. Mwanza tulikuwa hata na gazeti letu la waliojifunza kusoma ukubwani, *Elimu Haina Mwisho*, kuanzia 1974. Wakati wa Uhuru, katika kila watu watatu, wawili au zaidi hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua hawafiki mmoja katika kumi. Wazazi wetu waliifanya kazi hiyo kwa taa ya kandili. Sisi tuna umeme.

Tusome nini? Tuanze na Katiba, ibara ya 12 hadi ya 30, ibara moja kwa jioni moja. Tusome *Kusadikika* ya Shaaban Robert, kesi ya Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na anajitetea kwa adabu siku baada ya siku bila kurudi nyuma hata hatua moja. Hapo tutajadili kama kumpinga mkubwa ni kumkosea heshima. Tusome *Tujisahihishe*, kijitabu alichoandika Mwalimu mwaka 1962, na *Gamba la Nyoka* ya Kezilahabi juu ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Wazee wetu waliohamishwa wangali hai. Watueleze ni wapi kitabu kimesema kweli na wapi kimekosea.

Na tusome karatasi za mtaa wetu wenyewe. Mapato na matumizi yakibandikwa ofisini, tusimame tuyasome, tuulize tusichokielewa kwenye mkutano wa mtaa. Taka za jiji huja kwenye dampo la hapa kwetu, na kila mwenye pua ana maoni kuhusu hilo. Maoni hayo yangekuwa na uzito wa namna gani kama kumi kati yetu tungekuwa tumesoma sheria ndogo za usafi kabla ya kunyoosha mkono?

Kanuni iwe moja: anayedai, aonyeshe mstari. Kijana anaweza kumsahihisha mzee, kwa sharti amwamkie kwanza, kama yule mwalimu wa mama yangu. Mzee naye akionyeshwa mstari, akubali.

Ndugu zangu wa bodaboda, nyinyi mna muda wa kusubiri abiria na mna midomo isiyoogopa. Nawahitaji kuliko mnavyodhani. Wanangu mnaosoma chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, njooni mtusomee, na mtusikilize. Akina mama wa sokoni, chagueni nyinyi siku na saa, maana mikutano mingi hupangwa wakati mko jikoni, halafu watu wanasema wanawake hawajitokezi. Wachungaji, mapadre na masheikh, tuazimeni viti. Mwenye kitabu kinachokaliwa na vumbi, akilete. Wa kwenda mjini wapite Maktaba ya Mkoa, wajiandikishe, waazime kwa niaba ya kundi.

Mimi naanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi alasiri, barazani kwangu. Tutafungua na Kaizari, zile hotuba mbili. Nina nakala mbili tu, na moja haina jalada, kwa hiyo mwenye nyingine tafadhali aje nayo. Nimeshampata kijana wa kusoma Brutus, na binti wa kidato cha nne ameomba asome Antony. Umati tutakuwa sisi wengine. Atakapoiinua ile karatasi, nitakuwa nimetega sikio nijue ni nani kati yetu atakayesema ailete tuione.